Kutembelea shule ya Japani: maswali ambayo walimu wenzangu huniuliza kila mara

Nilikaa Japani wiki sita, Oktoba mpaka katikati ya Novemba, kwenye mafunzo ya walimu wa hisabati. Katika wiki hizo niliingia shule tano, tatu zikiwa za msingi. Tangu nirudi Morogoro simu haipoi, na maswali ni yaleyale: chakula, usafi, viboko, mitihani. Nimeamua kuyajibu hapa mara moja, ili mtu akiuliza tena kwenye kundi la WhatsApp nimwelekeze huku. Majina ya shule sitayataja. Walitupokea kwa ukarimu, na wale ni watoto wa watu.

Mwalimu wa kawaida anapataje nafasi ya kwenda?

Mimi nilipitia JICA, shirika la serikali ya Japani la ushirikiano wa kimataifa. Kwa kozi kama yangu hujipeleki mwenyewe. Mwaliko huja serikalini, wizara au chuo hupendekeza majina, ndipo wewe unajaza fomu na kusubiri. Kwa hiyo mtu akikuomba hela ili "akuingize JICA", shika mfuko wako vizuri. Walimu wa hisabati na sayansi wa Kenya wana uzoefu mrefu kutuzidi, kwa sababu mradi wa SMASSE, wa kuwanoa walimu hao, ulianza kwao mwaka 1998 kwa msaada huohuo, na ndiko kilikotokea kituo cha mafunzo ya walimu cha CEMASTEA pale Karen, Nairobi.

Kuna pia ufadhili wa wizara ya elimu ya Japani kwa walimu walio kazini, wa mwaka mmoja na nusu. Huo hupitia ubalozini, na huhitaji uwe umefundisha miaka mitano na uwe chini ya miaka 35. Mimi umri ulishaniacha. Wewe kama bado, ulizia mapema.

Sijui hata neno moja la Kijapani. Nitaishije?

Mkalimani atakuwepo. Ila jifunze maneno mawili ya mezani, "itadakimasu" kabla ya kula na "gochisōsama deshita" ukimaliza, kwa sababu darasa zima huyasema kwa pamoja, na mgeni akikaa kimya hapo watoto wote humgeukia. Neno la tatu ni "sensei". Walimu huitana hivyo wao kwa wao, na mwalimu mkuu naye ni hivyohivyo. Hilo halitakusumbua hata kidogo, maana kwetu pia mtu akishaitwa Mwalimu, jina lake la kuzaliwa hubaki kwenye cheti.

Nibebe nini?

Soksi nzima. Sitanii. Pale mlangoni kuna rafu ndefu yenye kijisanduku cha kila mtoto. Viatu vya nje vinabaki humo na vya ndani, vyeupe, laini, vinavaliwa. Mgeni hupewa ndala za plastiki. Ndala hizo ni ndogo, na kupanda nazo ngazi mpaka ghorofa ya tatu ni kazi ya sarakasi. Chooni kuna ndala nyingine za humohumo. Mwenzetu mmoja alitoka nazo akaja nazo mpaka kwenye chumba cha mkutano, na hakuna aliyemwambia kitu. Walimtazama miguuni tu, wakainamisha macho.

Beba kadi za jina, na uzipokee za wenzako kwa mikono miwili kama unavyopokea kitu kwa mzee. Zawadi iwe ndogo: kahawa ya Kilimanjaro, korosho, kanga. Kanga nilizopeleka zilitundikwa ukutani siku hiyohiyo, na nikaulizwa jina lililoandikwa lina maana gani. Soma maandishi ya kanga yako kabla ya kuifunga. Mimi niliwapelekea mwalimu mkuu na mkewe kanga ya mafumbo ya wake wenza, nikalazimika kutunga tafsiri papo hapo.

Picha piga za ubao, madaftari na majengo. Za nyuso za watoto, uliza kwanza, na ukikataliwa usiulize mara ya pili.

Ni kweli shule haina wafagiaji, watoto husafisha kila kitu wenyewe?

Mhudumu wa shule yupo, anatengeneza vitasa, anapunguza miti, anabadilisha taa. Lakini usafi wa kila siku wa madarasa, korido na mara nyingi vyoo ni wa watoto, kama dakika 15 au 20 baada ya chakula. Muziki unapigwa kwenye spika, madawati yanasukumwa nyuma, wanafagia, kisha wanachuchumaa safu moja na vitambaa vyenye maji, makalio juu, wanasukuma mbio mpaka mwisho wa korido. Wanacheka. Mwalimu wao naye yuko chini na kitambaa chake.

Sasa, wageni kutoka Ulaya na Marekani husimama hapo wakashangaa sana. Sisi hatuna sababu ya kushangaa. Nani kati yetu hakufagia uwanja na kufyeka majani, na kupiga deki darasa siku ya Ijumaa? Tofauti niliyoiona ni moja na inauma: kwetu choo husafishwa na aliyechelewa. Tumeufanya usafi kuwa adhabu, halafu tunashangaa watoto wakiukimbia. Kule hakuna anayetumwa kufagia kwa sababu amekosa. Kuna zamu tu, na zamu inazunguka. Na sijawahi, katika miaka yangu 19 ya kazi, kumwona mwalimu wa kwetu ameshika dekio mbele ya wanafunzi. Mimi mwenyewe nikiwemo.

Chakula cha shule kikoje? Muislamu atakula?

Chakula huja kwa toroli. Watoto wa zamu huvaa aproni nyeupe na kofia, wanapakua, wanagawa, na hakuna anayeanza mpaka wote wapate. Wali au mkate, supu, samaki au nyama, mboga, na maziwa mililita 200. Mwalimu hula palepale darasani chakula kilekile. Kabla ya hapo mwalimu mkuu ameshaonja sahani yake peke yake, ili kama kuna tatizo limkute yeye kwanza. Mambo haya yana historia: mwaka 1889, katika mji wa Tsuruoka, shule iliyokuwa ndani ya hekalu la Kibudha iliwapa watoto maskini mabonge ya wali na samaki. Sheria ya chakula cha shule ilikuja mwaka 1954. Wazazi wamekuwa wakilipia vyakula vyenyewe, na halmashauri nyingi sasa zimeanza kuwafutia.

Kwa Muislamu, jihadhari. Nguruwe huingia hata mahali usipomtarajia, kwenye mchuzi na kwenye supu, na mapishi mengi hutiwa mirin, kilevi cha kupikia. Usiulize siku yenyewe mezani, utawatia wenyeji aibu. Sema wiki moja kabla. Shule hutoa ratiba ya chakula ya mwezi mzima, watakuonyesha kilichomo. Mwenzetu wa kutoka Tanga alikuwa anakuja na kopo lake la wali na mayai, akala na watoto bila shida yoyote, kama wafanyavyo watoto wa Kiislamu wanaosoma huko.

Darasani nitazame nini?

Hapa ndipo ningependa uniulize kwanza, lakini huwa swali la mwisho. Wageni wengi hurudi na picha za vitambaa vya deki na kofia za chakula. Mimi naona kitu cha kutazama ni ubao, na kosa linavyotunzwa juu yake.

Nikupe somo moja nililolikalia, darasa la kwanza, watoto 31, dakika 45. Mwalimu aliandika swali moja: kuna matunda 13 ya kaki (tunda la kwao la rangi ya chungwa), tumekula 9, yamebaki mangapi? Swali moja tu kwa somo zima. Mwenzangu wa Dodoma akaninong'oneza, "Sasa hawa watafanya nini dakika 45?" Watoto waliandika 13 − 9, kisha wakaachwa na madaftari na vipande vya rangi. Mwalimu alizunguka na karatasi yenye mchoro wa viti, akiandika nani anafanya nini. Hakusahihisha hata daftari moja. Kumbe alikuwa anapanga nani atamwita wa kwanza, nani wa pili.

Wa kwanza alihesabu kurudi nyuma kwa vidole: 12, 11, 10, mpaka 4. Mwalimu aliandika njia hiyo ubaoni kushoto, akabandika sumaku yenye jina la mtoto. Wa pili alisema: 13 ni 10 na 3, natoa 9 kwenye 10 inabaki 1, naijumlisha na 3, ni 4. Wa tatu alitoa 3 kwanza akafika 10, kisha akatoa 6 zilizobaki. Njia tatu, majina matatu. Halafu mwalimu, kwa utulivu kabisa, akaandika upande wa kulia: 16.

Sote tunaijua 16 hiyo. Mtoto anaona 3 haitoshi kutoa 9, basi anageuza, anatoa 3 kwenye 9, anapata 6, anairudisha ile 10. Ipo kwenye madaftari ya shule zetu zote, na sisi huipiga mkasi kwa kalamu nyekundu. Yule mwalimu hakumtaja aliyeipata wala hakusema ni kosa. Aliuliza: "Aliyepata 16 alikuwa anafikiri nini?" Kimya. Kisha kibinti kimoja chenye mapengo kikaja mbele, kikashika vipande, kikasema, "Ninajua. Mimi jana nilifanya hivyo." Kikaonyesha. Halafu mtoto mwingine akasema matunda yalikuwa 13, yatabakije 16 na tumeshakula? Darasa likacheka, na aliyeipata 16, ambaye mimi nilishamwona, akacheka nao.

Mwisho wa somo ubao ulikuwa umejaa na hakuna kilichofutwa. Swali kushoto, njia za watoto katikati, kosa na maelezo yake kulia, na sentensi ya mwisho waliyoitunga wenyewe. Ukiingia dakika ya 45 unalisoma somo zima kama ukurasa wa kitabu. Walimu wa kule huuchora ubao huo kwenye karatasi kabla ya somo, ni sehemu ya andalio. Na wala si asili yao, ndugu zangu. Kufundisha darasa zima kwa ubao walikupata miaka ya 1870, kupitia Mmarekani Marion Scott aliyeanza kufundisha katika chuo cha ualimu cha Tokyo mwaka 1872. Mgeni aliwaletea ubao, leo wageni tunakwenda kuwatazama wanavyoutumia.

Mgeni anaruhusiwa kuwasaidia watoto?

Hapana, na nimejifunza kwa aibu. Katika somo hilohilo kulikuwa na mtoto dirishani, amekwama, vidole vimemwishia. Ualimu ukanishika. Nikainama nikamwonyesha kwa vidole vyangu. Akafurahi, akaandika 4.

Kwenye kikao cha baadaye mwalimu mmoja mzee aliinua mkono, akauliza kwa upole mno: "Naomba mgeni wetu atusaidie. Mtoto wa dirishani alikuwa amefikia wapi kabla hujamsemesha? Mimi nilikuwa namfuatilia yeye tangu mwanzo." Karatasi yake ilikuwa na dakika na kila alichofanya yule mtoto, kisha nafasi tupu. Simama pembeni, mikono nyuma, andika unachokiona.

Kikao hicho ndicho nini?

Wao hukiita jugyō kenkyū, kulichunguza somo. Walimu kadhaa wanaandaa somo moja kwa wiki nyingi, mmoja anafundisha, wengine wanatazama, kisha wanakaa. Siku hiyo madarasa mengine yote yalirudishwa nyumbani mapema ili walimu wote wa shule waingie darasa moja. Hebu fikiria kulieleza hilo kwa afisa elimu wako.

Kikao kilichukua saa moja na nusu. Aliyefundisha ndiye anayeanza, na huanza kwa kujikosoa. Baada yake hakuna aliyesema "somo lilikuwa zuri" wala "mwalimu hakujiamini". Kila mtu alitaja mtoto na alichofanya. Dakika 20 nzima walibishana kwa nini 13 − 9 na si 12 − 3. Hoja ilikuwa kwamba 9 iko jirani na 10, kwa hiyo mtoto huvutwa kutoa kwenye 10. Lakini 3 ya 12 − 3 ni ndogo, mtoto ataipunguza kidogokidogo na ile njia ya pili haitazaliwa. Nilikuwa nimefundisha kutoa kwa miaka 19 na sikuwahi kuchagua namba. Nilikuwa naandika zinazokuja kichwani.

Kwetu mtu akikaa nyuma ya darasa na daftari, ni mthibiti ubora, na jasho linakutoka. Kule aliyekaa nyuma ni mwenzako aliyeandaa somo na wewe, na likikwama limekwama la wote. Vikao vya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, kwenye shule zetu vingeweza kuwa hivi. Vingi nilivyohudhuria tumesoma moduli kwa sauti, tukasaini mahudhurio.

Ni kweli hawana mitihani mpaka darasa la nne?

Ule ujumbe unaosambazwa wenye picha ya watoto wa Kijapani wameinama? Si kweli. Niliona majaribio kwenye madarasa ya chini kabisa, karatasi ya kila mada, yenye alama. Kisichokuwepo ni mtihani wa kumzuia mtoto kuvuka darasa: miaka tisa ya lazima, sita ya msingi na mitatu ya sekondari ya chini, anapanda na wenzake. Tangu 2007 kuna upimaji wa kitaifa kwa darasa la sita na mwaka wa tatu wa sekondari ya chini. Kisha kwenye miaka 15 unakuja mtihani wa kuingia sekondari ya juu, na huo ni moto. Masomo ya ziada ya jioni, yale tunayoyaita tuisheni, ni biashara kubwa huko kuliko hapa.

Na viboko?

Vimepigwa marufuku na sheria ya elimu ya shule ya mwaka 1947, kifungu cha 11. Lakini usidhani sheria ilimaliza kila kitu. Mwaka 2012 mwanafunzi wa sekondari ya juu mjini Osaka alijiua baada ya kupigwa na kocha wake wa mpira wa kikapu, na nchi nzima ikatikisika. Kenya walifuta viboko mwaka 2001. Sisi Tanzania bado tuna kanuni zinazoviruhusu, na ninajua makundi ya walimu ambamo sentensi hii moja itazaa ujumbe 200.

Basi walimu wa kule wana raha?

Raha gani! TALIS, utafiti wa kimataifa kuhusu walimu, wa 2018 uliwakuta walimu wa sekondari ya chini wa Japani wakifanya kazi saa 56 kwa wiki, kuliko nchi zote zilizoshiriki. Vilabu vya michezo jioni na mwisho wa wiki, simu za wazazi, makaratasi. Nilipita nje ya shule moja saa mbili usiku, taa za ofisi ya walimu zinawaka. Saa za ziada hazilipwi. Sheria ya 1971 iliwapa nyongeza ya asilimia 4 ya mshahara badala yake, na ni mwaka 2025 tu bunge lilipopitisha kuipandisha hatua kwa hatua mpaka 10. Kijana mmoja aliyetupokea aliniambia wenzake wawili wa chuo wameshaacha kazi.

Nao watoto si wote wanacheka na vitambaa vya deki. Katika mwaka wa masomo wa 2023 watoto 346,482 wa shule za msingi na sekondari za chini walihesabiwa kuwa wameacha kuhudhuria kwa siku 30 au zaidi bila sababu ya ugonjwa au umaskini. Mwalimu mkuu mmoja alituonyesha chumba kidogo karibu na ofisi yake, chenye zulia na vitabu vya katuni, kwa wanaoweza kufika shuleni lakini hawawezi kuingia darasani. Siku hiyo alikuwamo mmoja. Tulipita polepole bila kuchungulia.

Wanafundisha kwa lugha gani?

Kijapani, kuanzia chekechea mpaka udaktari. Kiingereza ni somo tu, na kwenye shule ya msingi kimekuwa somo kamili la darasa la tano na la sita tangu 2020. Usifikiri lugha yao ni rahisi: mtoto hujifunza herufi za kanji 1,026 ndani ya miaka sita. Na mjadala wetu waliwahi kuwa nao. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 Mori Arinori, aliyekuja kuwa waziri wao wa kwanza wa elimu, alipendekeza Kiingereza kichukue nafasi. Hawakumsikiliza. Walikaa wakatafsiri vitabu, wakaunda maneno. Kila nikiingia darasa la kidato cha kwanza na kuona watoto waliokuwa wakibishana vizuri juu ya kosa la 16 sasa wamenyamaza kwa sababu hawana neno la "kukopa" kwa Kiingereza, namkumbuka Mori.

Nina watoto 90 darasani. Nitaanzia wapi?

Mimi nina 87, na sikuanza na mengi. Niliugawa ubao kwa mistari miwili ya chaki na nikajikataza kufuta mpaka kengele ilie. Wiki mbili za kwanza mkono ulikuwa unaenda kwenye dasta wenyewe. Kisha nikaanza kuandika kosa moja kila siku, upande wa kulia, bila jina. Sumaku sina, natumia vipande vya boksi na gundi ya unga. Nafasi ya kuzunguka madawati yote haipo, kwa hiyo nazunguka safu mbili tu kila siku na karatasi yangu.

Halafu nikamwomba mwalimu wa darasa la tatu aje akae nyuma kipindi kimoja. Alisita, akauliza nimekosana na nani ofisini. Akaja. Sasa tuko wanne, tunakutana Jumanne baada ya vipindi, chini ya mwembe, kwa andalio moja. Wiki iliyopita tulibishana juu ya 14 − 8 au 15 − 8 mpaka mlinzi akaja kutuambia anafunga geti.